Ambulensi: Haki iliyo katika sheria bado haijafika mlangoni

Na MWANDISHI WETU

MWANZONI mwa Oktoba 2015 mwanamume mmoja aligongwa na gari katika eneo la Kangemi, Nairobi, na dereva akatoroka. Tofauti na wengi wanaopatwa na ajali ya namna hiyo, yeye alipata ambulensi. Alipata pia mhudumu aliyejua kazi yake, na mkewe alikuwa kando yake. Alichokosa ni kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Kwa muda wa saa 18 alilala ndani ya gari hilo huku likihangaika kutoka hospitali moja hadi nyingine. Huku vifaa havikuwapo, kule vitanda vilikuwa vimejaa, na kwingine kulitakiwa malipo ya awali ambayo jamaa zake hawakuwa nayo. Alipopokelewa hatimaye, muda ulikuwa umekwisha. Alifariki.

Kisa hicho kiliwaumiza Wakenya wengi. Kinachotia uchungu zaidi ni kwamba wakati huo Katiba mpya ilikuwa imetumika kwa miaka mitano, na ndani yake mna kifungu kinachosema wazi kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Maneno yalikuwapo. Kitanda hakikuwapo, wala hakukuwa na kituo kimoja ambacho mhudumu angepigia simu akaambiwa ni hospitali ipi yenye nafasi.

Tangu wakati huo sheria zimeongezeka. Je, sheria hizo zinamwahidi nini mwananchi anayeanguka barabarani, au mama anayeshikwa na uchungu wa kuzaa saa nane za usiku? Na kwa nini wengi wetu, tukipatwa na dharura, bado humwita jirani mwenye gari au kijana wa bodaboda?

KATIBA NA SHERIA

Ahadi yenyewe inaanzia kwenye Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya za kiwango cha juu kadiri iwezekanavyo. Sehemu ya pili ya kifungu hicho ndiyo inayokataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Haisemi mtu mwenye bima, wala mtu mwenye pesa mfukoni, wala raia pekee. Inasema mtu.

Katiba hiyo hiyo, katika Jedwali la Nne, inagawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Serikali kuu ilibaki na sera ya afya na hospitali za kitaifa za rufaa. Kaunti zilipewa vituo vya afya na hospitali nyingine. Isitoshe, huduma za ambulensi zimetajwa kwa jina miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hivyo tangu serikali za kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka wa 2013, mwenye jukumu la kwanza la kuhakikisha gari la wagonjwa linafika kwako ni gavana wako na bunge la kaunti yako, ambalo hupitisha bajeti.

Mnamo 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya, iliyofafanua haki hiyo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, matibabu ya dharura ni huduma inayohitajika mara moja ili kuzuia kifo au hali ya mgonjwa kuwa mbaya zaidi. Sehemu ya saba ya sheria inataja mambo matatu yanayohusika: huduma anayopewa mgonjwa kabla ya kufika hospitalini, kutuliza hali yake, na kupanga safari yake hadi hospitali nyingine ikiwa ile aliyofika kwanza haina uwezo wa kumtuliza.

Msomaji atazame sana hilo la kwanza na hilo la tatu. Maana yake ni kwamba ambulensi si msaada wa hisani. Ni sehemu ya matibabu yenyewe. Hospitali inayomwambia mgonjwa aliye katika hatari "hatuna mashine, tafuteni kwingine", kisha ikafunga mlango, haijatimiza wajibu wake. Inatakiwa kupanga jinsi atakavyofikishwa huko kwingine.

Sheria hiyo ina meno pia. Hospitali inayokosa kutoa matibabu ya dharura ilhali ina uwezo wa kuyatoa inafanya kosa, na ikipatikana na hatia inaweza kutozwa faini isiyozidi Sh3 milioni. Lakini maneno "ina uwezo" ndiyo yanayoleta utata. Kuthibitisha mahakamani kwamba hospitali ilikuwa na kitanda saa fulani ya usiku fulani si kazi nyepesi kwa familia iliyo katika matanga.

Baadaye Wizara ya Afya ilitoa sera ya huduma za dharura za matibabu ya miaka ya 2020 hadi 2030. Sera ni mwongozo mzuri, lakini haina nguvu za sheria.

SI KILA GARI LENYE KING'ORA

Watu wengi hudhani ambulensi ni gari lolote jeupe lenye taa nyekundu au buluu juu yake na machela ndani. Wataalamu wa huduma za dharura hawakubaliani na fikira hiyo. Kwao gari ni chombo tu, na kinacholifanya ambulensi ni mtu aliye nyuma pamoja na mgonjwa, na vile alivyo navyo mkononi.

Kwa kawaida ambulensi hugawanywa katika aina mbili. Ya kwanza hutoa huduma za kimsingi: oksijeni, mashine ya kufyonza mate na damu kinywani, mbao na kola za kushikilia shingo na uti wa mgongo, bandeji, vifaa vya kumzalisha mama, na mhudumu aliyefunzwa kuvitumia. Ya pili hubeba zaidi ya hayo: kifaa cha kupima na kushtua moyo kwa umeme, mashine ya kupumulia, dawa za kudungwa, na mhudumu wa ngazi ya juu, muuguzi au daktari.

Gari lisilo na chochote kati ya hivyo ni teksi yenye kelele. Litamfikisha mgonjwa, lakini halitamsaidia njiani. Mara nyingine litamdhuru. Mtu aliyevunjika shingo akirushwarushwa nyuma ya gari anaweza kupooza maisha yake yote, ilhali angelazwa sawasawa kwenye ubao na shingo yake ikashikiliwa, huenda angetembea tena.

DAKIKA ZINAVYOHESABIWA

Kwa nini haraka yote hii? Jibu limo ndani ya mwili wa binadamu.

Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi kwa kukosa oksijeni. Kila dakika inayopita bila mtu kumkandamiza mgonjwa kifua hupunguza nafasi yake ya kuishi. Ndiyo sababu huduma ya kwanza kutoka kwa aliye karibu ni muhimu hata kuliko gari lililo umbali wa kilomita kumi.

Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa damu pajani anaweza kufa kabla ya nusu saa kwisha. Mgonjwa wa kiharusi kinachotokana na damu kuganda anaweza kupewa dawa ya kuyeyusha damu hiyo, lakini ni katika muda wa saa nne na nusu tu tangu dalili zianze. Akichelewa, dawa hiyo yaweza kumletea madhara zaidi ya faida.

Mama aliyejifungua akaanza kuvuja damu nyingi anaweza kufa katika muda wa saa mbili hivi, hata kama alikuwa mzima wa afya asubuhi ile. Mnamo 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua kina mama: kuchelewa kuamua kwenda hospitalini, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mafunzo hayo yangali yanatumika na wakunga na madaktari kote ulimwenguni. Ambulensi hutibu ule wa pili. Lakini kama kisa cha 2015 kinavyoonyesha, mtu anaweza kuushinda wa pili akauawa na wa tatu.

Barabara nazo haziachi kudai roho. Kwa mujibu wa takwimu za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, zaidi ya watu 4,000 walikufa katika ajali nchini kila mwaka tangu 2021 hadi 2024. Wengi wao ni wanaotembea kwa miguu na wanaosafiri kwa pikipiki, watu ambao hawana bati la kuwakinga.

FUNZO LA AGOSTI 7

Wakazi wa Nairobi waliokuwa watu wazima mwaka wa 1998 hawahitaji kuelezwa maana ya kukosa ambulensi. Asubuhi ya Ijumaa Agosti 7 mwaka huo, bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani, kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa, wengi machoni kwa vigae vya vioo vya madirisha.

Majeruhi walipelekwa hospitalini kwa matatu, kwa mabasi, kwa pikapu na kwa magari ya watu binafsi. Wananchi walivunja mipaka yote ya ukabila na dini kuwasaidia watu wasiowajua, na hilo ni jambo la kujivunia hadi leo. Lakini msaada wa namna hiyo una kasoro moja. Kila dereva hukimbilia hospitali anayoijua. Hospitali moja hufurika huku nyingine ikiwa na madaktari wanaongojea. Aidha aliyejeruhiwa kidogo akiwa na nguvu za kutembea hufika kwanza, naye aliye hoi akaachwa nyuma.

Si kwamba nchi hii haikuwa na historia ya huduma hizi. St John Ambulance imekuwa nchini tangu 1928. Mnamo 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo ndiyo chanzo cha shirika la Amref. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Lodwar au Mandera aliweza kufuatwa kwa ndege. Shirika la Msalaba Mwekundu nalo lina magari yake ya dharura, na kaunti kadhaa zimewahi kukodisha magari hayo badala ya kununua yao.

Kilichokosekana ni mfumo mmoja wa kuviunganisha vyote hivi: namba moja ya simu inayojulikana na kila mtoto wa shule, kituo kimoja cha kupokea simu katika kila kaunti, na orodha ya vitanda vilivyo wazi.

MAREKANI ILITUMIA MAGARI YA MAITI

Kabla hatujakata tamaa, ni vyema kujua kwamba hata mataifa tajiri hayakuanza na mifumo waliyo nayo leo. Marekani ni mfano wa kushangaza. Hadi miaka ya 1960, karibu nusu ya huduma za ambulensi nchini humo zilitolewa na wenye biashara ya mazishi. Sababu ilikuwa nyepesi: wao ndio waliokuwa na magari marefu ambamo mtu angeweza kulazwa. Gari lile lile lililobeba maiti asubuhi lilibeba mgonjwa jioni, na nyuma hapakuwa na mtu wa kumhudumia.

Mnamo 1966 wanasayansi wa taifa hilo walichapisha ripoti iliyoeleza jinsi watu walivyokuwa wakifa ovyo barabarani kwa kukosa huduma. Mwaka huo huo Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya usalama wa barabarani iliyozitaka serikali za majimbo ziwe na mipango ya kushughulikia dharura. Mnamo 1973 ikafuata sheria nyingine iliyotoa fedha za kujenga mifumo hiyo maeneo mbalimbali.

Katikati ya miaka hiyo, mjini Pittsburgh, vijana weusi waliokuwa hawana kazi walifunzwa na daktari Peter Safar, mmoja wa mabingwa walioanzisha mbinu ya kumfufua mtu kwa kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi. Huduma yao, iliyoitwa Freedom House, ilianza 1967 na ikawa kielelezo kwa taifa zima. Ilionyesha kwamba kijana wa mtaa wa kimaskini akipewa mafunzo ya kutosha anaweza kuokoa maisha ya watu.

India nayo ilianza majuzi tu. Mnamo Agosti 2005, katika mji wa Hyderabad, ilianzishwa huduma ya ambulensi inayopatikana kwa kupiga namba 108 bila malipo. Jimbo la Gujarat likatunga sheria yake ya huduma za dharura mwaka wa 2007, na majimbo mengine mengi yakaanzisha huduma za namba hiyo. Halafu mnamo 2019 Bunge la India likabadilisha sheria ya magari ili kumlinda msamaria anayembeba majeruhi asisumbuliwe na polisi wala mahakama kwa wema wake. Hofu hiyo inajulikana hapa kwetu pia. Ni wangapi wamewahi kupita ajali wakinong'ona, "Tukisimama tutaambiwa ni sisi tuliogonga"?

Jirani zetu hawajalala. Rwanda ilianzisha huduma yake ya SAMU mwaka wa 2007, na mwananchi hupiga 912. Tanzania nayo imekuwa na mpango wa m-mama, ambao ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga. Mama mjamzito au jamaa yake hupiga namba 115 bila malipo. Anayepokea simu humuuliza maswali na kuamua hali ni ya hatari kiasi gani. Ambulensi ikiwa karibu, hutumwa. Isipokuwapo, huitwa dereva wa teksi wa kijijini aliyesajiliwa na kufunzwa, naye hulipwa kwa simu mara tu anapomfikisha mama. Mwaka wa 2022 serikali ya nchi hiyo ilizindua mpango wa kuueneza nchini kote.

Jambo la kujifunza hapa ni kwamba mahali ambapo hakuna pesa za kununua ambulensi mia moja, yawezekana kuanza na simu, mtu wa kuipokea na madereva waliopo.

KAFYU ILIPOFUNGA BARABARA

Wakenya nao wamewahi kufanya hivyo walipobanwa. Mnamo Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, serikali ilitangaza kafyu ya usiku. Matatu zilitoweka barabarani na madereva wa teksi wakaogopa polisi. Uchungu wa kuzaa, hata hivyo, haujui kafyu.

Dkt Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea udaktari bingwa wa magonjwa ya kina mama, aligundua kwamba waliokuwa wakija hospitalini kujifungua walikuwa wamepungua, lakini waliofika wakiwa na matatizo makubwa walikuwa wameongezeka. Alieleza jambo hilo kwenye mtandao na kutafuta njia ya kuwasafirisha. Ukazaliwa mpango wa Wheels for Life, ambapo kina mama walipiga simu bila malipo, wakazungumza na daktari, kisha wakatumiwa teksi au ambulensi kulingana na hali yao. Baadaye Shirika la Afya Ulimwenguni lilimtunukia daktari huyo tuzo ya Mkurugenzi Mkuu.

Mpango huo ulianza kwa dharura na kwa moyo wa kujitolea. Swali ni kwa nini jambo ambalo daktari mmoja na washirika wake waliweza kulipanga katika muda mfupi lisiwe kazi ya kila siku ya kila kaunti.

KUNUNUA NI RAHISI, KUENDESHA NI KAZI

Kila baada ya muda tunaona picha magazetini: gavana akikata utepe mbele ya ambulensi mpya zilizopangwa mstari, kina mama wakipiga vigelegele. Ni picha nzuri. Lakini malalamiko yanayosikika katika kaunti nyingi ni kwamba baada ya miezi michache baadhi ya magari hayo huwa yameegeshwa nyuma ya hospitali, moja halina mafuta, jingine halina magurudumu, na la tatu halina dereva wa zamu ya usiku.

Ambulensi ili ifanye kazi mchana na usiku inahitaji zamu zisizopungua tatu za madereva na wahudumu. Inahitaji mafuta, oksijeni ya kujazwa tena, bima, fundi wa mashine, na mahali pa kuoshwa baada ya kumbeba mgonjwa wa ugonjwa wa kuambukiza. Hayo yote ni gharama ya kila mwezi, na hayakatiwi utepe. Sheria inayosema tu kwamba kutakuwa na ambulensi, bila kuitengea pesa za kuiendesha, humpa mwananchi gari la kutazama.

Hali ni tofauti tena kwa mkazi wa mjini. Katika mitaa kama Mathare, Kibera au Bangladesh mjini Mombasa, ambulensi inaweza kuwa nzima na ikawa na mafuta, lakini njia ya kuingilia ni uchochoro wa kupita watu wawili. Nyumba hazina namba. Mgonjwa hulazimika kubebwa kwa blanketi au mkokoteni hadi barabara kuu. Hapo ndipo wahudumu wa afya wa mtaani, wanaozijua njia na nyumba, wanaweza kuwa wa msaada mkubwa.

Halafu kuna msongamano. Dereva anayesikia king'ora nyuma yake anatakiwa kupisha. Lakini kwa sababu magari ya wakubwa nayo hupiga ving'ora bila dharura yoyote, madereva wengi wamekuwa sugu. Anayepiga king'ora ili awahi mkutano anamchelewesha mgonjwa ambaye hamjui.

NANI ATALIPA?

Swali hili ndilo huzuia watu kupiga simu. Ambulensi ya kibinafsi hulipisha maelfu ya shilingi, na familia nyingi huona heri kumpakia mgonjwa kwenye bodaboda.

Mnamo Oktoba 2023 Rais alitia sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyoondoa NHIF na kuleta Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 1, 2024. Sheria hiyo iliunda hazina tatu. Ya kwanza ni ya huduma za afya ya msingi. Ya pili ni ile ambayo wananchi huchangia, na wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75. Ya tatu ni ya dharura, magonjwa sugu na mahututi.

Hiyo ya tatu ndiyo inayotuhusu hapa, kwani ndiyo inayotakiwa kulipia matibabu ya dharura. Fedha zake hutegemea sana kiasi ambacho Bunge hutenga katika bajeti ya taifa. Hapo ndipo haki ya Kifungu cha 43 inapogeuka kuwa hesabu. Hazina ikiwa na pesa na ikilipa kwa wakati, hospitali haitakuwa na sababu ya kudai malipo ya awali mlangoni, na mwenye ambulensi hataogopa kutuma gari. Hazina ikikauka au ikichelewa kulipa, tutarudi kule kule kwa harambee ya WhatsApp huku mgonjwa akikoroma.

KABLA AMBULENSI HAIJAFIKA

Hata mfumo uwe mzuri vipi, dakika za mwanzo zitakuwa mikononi mwa aliye karibu. Haya ndiyo mambo ambayo kila msomaji anafaa kuyajua:

- Piga simu mapema. Namba 999 na 112 ni za dharura na hazitozwi malipo. Namba 1199 ni ya Msalaba Mwekundu. Sema mahali mlipo na alama inayojulikana kama vile kanisa, msikiti, shule au kituo cha mafuta, idadi ya majeruhi na hali yao. Usikate simu mpaka uambiwe.

- Tuma mtu barabarani aipokee ambulensi na kuiongoza. Usiku awe na tochi.

- Anayevuja damu, bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi na usiachilie kila mara kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

- Aliyeanguka kutoka juu au aliyegongwa na gari asiinuliwe kwa kushikwa mikono na miguu. Mwache alale alipo isipokuwa kama kuna moto au hatari nyingine. Mtu mmoja ashike kichwa chake kisigeukegeuke.

- Asiye na fahamu lakini anapumua, ikiwa hakuumia shingo, alazwe ubavu ili mate na matapishi yatoke. Usimpe maji wala soda.

- Asiyepumua, weka viganja katikati ya kifua chake na ukandamize kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Mkichoka, pokezaneni.

- Mama mjamzito anayevuja damu, anayeumwa sana na kichwa, anayeona kiwi au anayeshikwa na kifafa ni dharura. Msingoje asubuhi. Familia ipange mapema, mimba ikiwa ya miezi saba, ni gari la nani litakaloitwa na ni hospitali gani wataelekea.

Mafunzo ya huduma ya kwanza hutolewa na St John na Msalaba Mwekundu. Vyama vya matatu na vya bodaboda, shule na viwanda vingefanya vyema kupeleka watu wao. Mwendeshaji wa bodaboda ndiye hufika kwanza kwenye ajali nyingi, na mara nyingi yeye ndiye majeruhi mwenyewe.

MSOMAJI AULIZE

Bajeti za kaunti huanza kutumika Julai 1 kila mwaka, na sheria inataka wananchi washirikishwe kabla hazijapitishwa. Mikutano hiyo huhudhuriwa na watu wachache, wengi wao wakiulizia barabara. Ukipata nafasi, muulize diwani wako maswali manne. Kaunti yetu ina ambulensi ngapi zinazotembea leo, si zilizonunuliwa? Nani hupokea simu saa nane za usiku, na namba yake ni ipi? Anayekaa nyuma na mgonjwa amefunzwa na nani? Na ni shilingi ngapi zimetengwa kwa mafuta, oksijeni na mishahara ya wahudumu?

Maswali hayo si ya siasa. Ni ya maisha na kifo, na sheria iko upande wa anayeyauliza. Yule mwanamume wa Kangemi alikuwa na gari, mhudumu na Katiba. Kama kungekuwa na mtu mmoja mwenye simu na orodha ya vitanda, na hazina ya kumlipia mlangoni, huenda saa zile 18 zingekuwa moja.